Nimeacha Sufuria, Nimefuata Wimbo: Fundo Katika Uzi Mwekundu

Kitendawili.

Sema tega, hata kama uko peke yako na gazeti lako. Mimi nakusikia.

Ameingia ndani bila kubisha hodi, amekaa vyumba vyote kwa wakati mmoja, na ukimtafuta humwoni. Nani huyo?

Fikiri taratibu. Usinipe mji bado. Mji wako nitaudai nikifika katikati, na wiki hii nina hamu kweli ya kudai miji.

Kwa yule aliyekosa sehemu iliyopita kwa sababu mwenzake alifungia samaki gazeti lile, nitakumbusha kwa ufupi.

Mimi ni Sau, maana yake wa sita. Kwetu huku kwenye matawi ya mto Mekong mtu huitwa kwa nafasi aliyozaliwa, jina la cheti linabaki kwenye cheti. Miaka ishirini na saba nilipika uji wa mchele wa wagonjwa katika hospitali ya wilaya, sufuria la kutosha kuogea ng'ombe, nakoroga kwa kasia. Nilikuwa nakoroga huku naimba. Nilipofika arobaini na tisa, ikiwa imebaki miaka sita nistaafu kwa heshima, nilirudisha funguo za jiko nikajiunga na Taa ya Mto, kundi la maigizo ya nyimbo linalotembea kwa mashua mfereji hadi mfereji.

Watu walisema nimeharibikiwa. Mkuu wa hospitali akaniambia nikapumzike wiki mbili, kisha nirudi. Nikamjibu kwamba nimepumzika miaka ishirini na saba, sasa nataka kufanya kazi.

Na mume wangu, Baba Ngoan? Huyo ni mlinzi wa mlango wa maji kwenye mfereji mkubwa. Kazi yake kufungua, kufunga na kufunga kamba. Hasemi. Ana fundo lake moja la mlango wa maji, mizunguko mitatu na mkia umerudishwa ndani, na hilo hilo analifunga kwenye gunia la mchele, kwenye kamba za chandarua, hata kwenye nywele za binti yetu alipokuwa anaenda shule. Siku naondoka nilimuuliza anaonaje. Akachukua kofia, akaenda kupima kina cha maji. Miezi saba ikapita bila neno.

Sasa uongo wangu, ambao wiki iliyopita niliuungama na wengine mkaniandikia barua kali. Mzee Ut, mkuu wa kundi, aliniuliza swali moja tu nilipotia mguu kwenye mashua yake: mumeo amekuruhusu? Hachukui mke wa mtu ambaye nyumba yake haijamwachia. Aliwahi kuvunjiwa jukwaa na mume mwenye shoka. Nikamtazama usoni, nikasema ameniruhusu kwa moyo mweupe.

Na nilisema kwa sauti nzuri kabisa, ile ya kuimbia.

Miezi saba nikafua mavazi ya jukwaani, nikapika, nikashona vifungo. Kuimba? Mara mbili nilikuwa sauti ya mzimu nyuma ya pazia. Lakini kila alasiri Mwalimu Muoi, mpiga gitaa wetu mwenye miaka sabini na tano na jicho moja, alinikalisha kwenye tezi la mashua akanifunza. Hakunisifu hata siku moja. Siku moja tu aliniambia kwamba siku ya Waasisi wa sanaa yetu nitaimba mbele ya madhabahu. Nikishuka vizuri, mimi ni wao. Nisiposhuka, nirudi kwa wagonjwa wangu.

Nieleze kushuka, maana hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inaning'inia.

Wimbo wetu mkubwa huanza bila mdundo. Mwimbaji anayamwaga maneno, anayarefusha, anayapandisha, na watu wote wamebana pumzi pamoja naye. Halafu neno la mwisho analishusha chini litue sawasawa na kile kibao ambacho mpiga gitaa anakigonga kwa mguu. Likitua, watu wanapiga kelele kama waliotuliwa mzigo. Lisipotua, unasikia kuku wakitembea uani.

Hayo ndiyo ya nyuma. Sasa twende.

Siku ya Waasisi huwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nane, kwa hesabu ya mwezi wa angani. Tulikuwa tumefunga mashua penye kijiji kimoja cha wakulima wa miwa, na wazee wa pale wakatupa ukumbi wa hekalu lao. Asubuhi mapema binti yangu Ngoan akashuka kwenye boti na kikapu.

"Mama, umekonda."

"Sijakonda. Nimepunguza uji."

Hakucheka. Akaanza habari za wakwe zake watarajiwa. Wamesema hawatatuletea posa kwenye nyumba ambayo mama anajipaka rangi usoni na kulia mbele ya wauza miwa. Nikirudi jikoni, wataleta.

"Wanamwoa mama au wanakuoa wewe?"

"Mama, usinichekeshe. Nimekuja kulia."

Basi akalia kidogo, nami nikamshika. Kisha nikamuuliza habari za baba yake. Akasema yuko mlangoni, maji ya mwezi wa nane yamepanda. Amesema nini? Ngoan akapandisha mabega. "Si unamjua. Kashika kikapu, kaniwekea kwenye boti, kaondoka."

Ndani ya kikapu kulikuwa na mikate ya wali wa kunata iliyofungwa kwa majani ya mgomba, samaki wakavu na blauzi yangu ya zamani. Sikuchimba hadi chini. Nikakiweka nyuma ya madhabahu, kwenye mavazi, nikaenda kupanga maua. Mpishi wa miaka ishirini na saba, na sikutazama chini ya kikapu. Andika hilo pia.

Nikiwa na maua, Lieu akanipigia kelele kutoka nyuma. Lieu ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu mkuu, miaka thelathini na minane, sauti ya kumtoa mtu ndani ya kaburi alipe deni. Tulikuwa tunalala mkeka mmoja, chandarua kimoja, chandarua changu nilichotoka nacho nyumbani. Mchana ananiita Bibi Uji. Usiku nikikohoa ananifunika. Ndivyo alivyokuwa.

"Da Sau, nachukua uzi kikapuni kwako, mkono wa vazi umefumuka."

"Chukua."

Neno dogo hilo. Baadaye nililitumia vibaya.

Ilipofika saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Wanakijiji wamekaa hadi nje. Mbele madhabahu, bata wawili, maua, na katikati sanamu mbili ndogo za mbao zilizovishwa nguo nyekundu. Hao ndio Waasisi wetu. Tumesimuliwa kwamba walikuwa watoto wawili wa mfalme waliopenda maigizo hadi wakajificha kutazama, wakasahau kula, wakafa wamekumbatiana. Kwa hiyo ni watoto. Unawawekea peremende, unawawekea vitu vya kuchezea, wala hukasiriki wakikuchezea na wewe.

Kwa desturi mwimbaji mkuu ndiye anayefungua. Lieu akapiga magoti mara tatu, akasimama, akaanza. Maneno yakapanda kama kishada. Watu wakabana pumzi. Mimi nilijua pale anapokwenda kwa sababu nimemsikia mara mia mbili. Najua hata kucha yake inavyosogea kabla ya kushuka.

Akafika ukingoni. Mwalimu Muoi akainua mguu.

Sauti ikakatika.

Si kukwaruza. Kukatika, kama kamba ya ndoo. Kibao kikagonga peke yake, na nje nikawasikia kuku wakitembea.

Lieu akashika koo. Akasema polepole kwamba neno limemtoka. Neno ambalo ameliimba miaka ishirini.

Mzee Ut hakumtazama Lieu. Aliinua pua. Moshi wa udi ulikuwa mzito, lakini chini ya moshi kulikuwa na kitu kingine, kitamu, cha kulewesha, kama sanduku la bibi likifunguliwa. Akanusa kushoto, akanusa kulia, akasema bila kupaza sauti:

"Kuna thi humu ndani."

Haya, umeshindwa. Nipe mji. Harufu ndiyo iliyoingia bila hodi.

Ukumbi mzima ukaanza kunusa. Thi ni tunda dogo la mviringo, la manjano, watu hawalili sana, hulinusa. Wasichana wetu hulitia kwenye kijifuko cha uzi uliosukwa kama wavu wakalining'iniza shingoni. Zuri popote duniani isipokuwa nyuma ya jukwaa. Waasisi ni watoto, na hakuna kitu wanachokipenda kama thi. Likiingia nyuma ya jukwaa wanalikimbilia hilo, wanamwacha mwimbaji peke yake hewani, na mwimbaji aliyeachwa huanguka. Kila mtu wa mto huu anajua. Analijua muuza samaki, analijua mtoto anayeota meno.

Wakaanza kupekua. Masanduku, mabegi, viatu. Wakafika kwenye kikapu changu.

Chini kabisa, ndani ya mkono wa blauzi yangu ya zamani, palikuwa na thi moja kwenye kijifuko cha uzi mwekundu.

Mzee Ut akalinyanyua mbele ya watu wote. Kijifuko kilikuwa kimefungwa juu kwa fundo. Mizunguko mitatu, mkia umerudishwa ndani.

Naona mmeshajua. Mimi pia nilijua. Nilijua pale pale.

Ila sikujua maana yake. Miaka ishirini na sita nyuma, kijana mmoja wa mlango wa maji asiyejua kusema aliniletea thi kwenye uzi mwekundu, fundo hilo hilo, akanikabidhi akakimbia. Ndivyo alivyoniposa. Je, hili lilikuwa lile la kwanza limerudi? Au mtu aliyejua mwiko alinitegea kamba nianguke mbele ya watu, nirudi kwenye kasia langu? Fundo ni moja. Halisemi. Mfungaji wake naye hasemi.

"Sau," Mzee Ut akaniuliza, "umeleta wewe?"

"Sikuleta."

"Basi nani?"

Sasa sikiliza, mjukuu wangu, hapa ndipo ninapotaka unitazame vizuri. Ningesema ni mume wangu, Mzee Ut angeuliza mume aliyekuruhusu kwa moyo mweupe anakutegeaje tunda? Uongo wangu ungeanguka mbele ya Waasisi, nami ningepanda boti la mchana na binti yangu. Miezi saba ya kufua. Maisha mazima ya kuimbia uji. Yote kwa jina moja.

Kidole changu kikanyanyuka. Ni changu, sisingizii.

"Muulizeni Lieu. Asubuhi alitia mkono kikapuni kwangu."

Watu wakaguna. Lieu akanigeukia taratibu, koo bado amelishika.

"Nilichukua uzi."

"Uzi wa rangi gani?"

Nilimuuliza nikijua. Mkono wa vazi lake ulikuwa mwekundu, na uzi ulikuwa mwekundu. Watu wakaguna zaidi.

"Da Sau, nikuogope wewe? Kama ningetaka ufukuzwe ningekaa kimya nikuache uimbe."

Wengine wakacheka, mimi ningecheka siku nyingine. Lakini yeye hakucheka. Alisogea hadi kwa Mzee Ut, akalitazama lile fundo, akaliinua kwa ukucha, akalitazama tena. Halafu akaja kwangu karibu sana, akanong'ona mimi peke yangu nisikie.

"Fundo hili mimi nalala chini yake kila siku. Da Sau, hulijui?"

Nilitazama bata.

Angeweza kukimbilia mashua akakileta chandarua changu pale mbele, mambo yakaisha. Hakufanya. Alirudi akakaa na kujifuta uso, akiningojea mimi. Hadi leo sijui kama ningekuwa yeye ningengoja.

Mzee Ut akatoa hukumu. Wimbo umevunjika, siku imechafuka. Ya Lieu yatazungumzwa baadaye. Huyo ni wa nyumbani. Lakini kikapu ni cha Sau, na Sau hajapokelewa, kwa hiyo hana kesi ya kujibu wala nafasi ya kudai. Boti linaondoka saa saba. Ngoan alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyangu, maskini, na nikaona kwenye uso wake kitu kinachofanana na nafuu.

Nafuu ile ndiyo iliyonipandisha mori.

"Siondoki," nikasema.

Mzee Ut akaniambia nisimwaibishe mbele ya wageni. Nikamwambia wageni wamekuja kusikiliza, nami nimekuja kuimba, aibu iko wapi? Akasema siwezi kuimba Waasisi wakiwa hawapo. Nikamuuliza wako wapi. Akasema, kwa hasira sasa, kwamba walipo tunajua, wamelifuata tunda.

"Vizuri," nikasema. "Nipe hilo tunda."

"Ulifanyie nini?"

"Si unasema wanalifuata? Na likae mkononi mwangu. Leo watakuwa karibu na mimi kuliko walivyowahi kuwa karibu na mtu yeyote humu. Nikianguka nitaanguka nao."

Wote wakatafuta kosa kwenye maneno yangu, hawakuliona.

Kisha nikasikia kicheko kama mlango wenye kutu. Mwalimu Muoi, ambaye hakuwahi kunisifu, alikuwa anacheka na jicho lake moja linatoka machozi. Akasema miaka sitini yuko kwenye kazi hii na hakuna mpumbavu aliyewahi kufikiria hilo. Akakaza waya mmoja, akapiga sauti ya kunifungulia njia. Mzee Ut ni mkuu wa kundi, lakini gitaa likishaanza hata mkuu hunyamaza.

Nikalishika thi kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa na joto, kama yai lililotoka kwa kuku.

Sikuimba nilichofundishwa. Niliimba maneno yangu mwenyewe, niliyoyatunga juu ya sufuria mwaka ule Ngoan alipougua. Nilikuwa sijamwimbia mtu.

"Mto umejaa na mlango umefungwa, mlinzi amelala na kamba kiunoni, maji yanagonga, yanagonga, hayana hasira, hayana haraka, yanagonga tu, wala hayaombi ruhusa ya..."

Hapo nikapanda. Nilipanda hadi nikaliona paa la hekalu na mijusi yake. Nilikuwa na pumzi ya mtu aliyekoroga miaka ishirini na saba, na ile pumzi siku ile niliijua ilikuwa ya nini. Watu wakabana pumzi pamoja nami. Mwalimu akainua mguu. Nikamngojesha. Nikamngojesha tena kidogo, kwa jeuri tu.

"...kupita."

Neno na kibao vikatua pamoja, kama nyayo za mtu mmoja.

Sijui nielezeje kelele ile. Wauza miwa walisimama. Bibi mmoja alimpiga mumewe kibao cha mgongo. Ngoan wangu, aliyekuja kulia, alikuwa analia kweli, lakini si kilio kile cha asubuhi. Kuku wa nje walikimbia. Waliyasimulia hayo wenye kuku.

Na pale mlangoni, nyuma ya vichwa vyote, akiwa na suruali iliyolowa hadi magotini na kofia mkononi, alisimama Baba Ngoan.

Amefika saa ngapi, sijui. Ameacha mlango wa maji mwezi wa nane, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kuzaliwa mtoto wake.

Sikupata nafasi ya kumwaza. Mzee Ut alikuwa ameshanishika bega, na macho yake yamelowa. Akawatangazia watu kwamba mtu aliyeimba hivi huku ameshika thi mkononi hana cha kuficha, na kwamba Waasisi wenyewe wamemtolea ushahidi. Watu wakaitikia. Basi, akasema, kama si Sau, mnaona wenyewe ni nani.

Vichwa vyote vikamgeukia Lieu.

Umeona nilivyofanya? Kadiri nilivyoimba vizuri, ndivyo uongo wangu ulivyozidi kuwa kweli. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa ni shahidi wa uongo.

Mtu mmoja akasema wivu wa kisanii. Mwingine akasema ndiyo maana sauti ilimkatika, ameadhibiwa papo hapo. Mzee Ut akamwambia Lieu, bila kumtazama, akafunge sanduku lake. Boti ni lile lile la saa saba. Lieu hakubisha. Alikwenda nyuma, nikasikia kufuli ya sanduku ikifungwa.

Nami nikapewa vijiti vitatu vya udi, vimeshawashwa. Ndivyo tunavyopokelewa. Unaviinua juu ya kichwa, unawaambia Waasisi jina lako na kwamba umekuja kwa mikono misafi, kisha unavichomeka kwenye chungu cha mchanga. Vikishasimama mchangani, wewe ni wa kundi hadi unakufa. Hakuna mkuu anayeweza kukutoa.

"Chomeka," Mzee Ut akaniambia kwa upole. "Uwe wetu."

Nikaviinua. Moshi ukaniingia machoni. Sanamu mbili za mbao zikanitazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima anayekaribia kudanganya.

Lieu akatokea na sanduku lake. Njia ya kutokea ilipita mbele yangu. Alipofika kwangu alisimama, akaliweka sanduku chini, na safari hii hakunong'ona.

"Da Sau, nilikuuliza swali hujanijibu. Fundo hili hulijui?"

Mzee Ut akanitazama, halafu akamtazama yeye. Ngoan, mwenye fundo lile kwenye nywele zake za utotoni, akaweka mkono mdomoni.

Na kule mlangoni Baba Ngoan akapiga hatua moja ndani. Akakohoa. Akafungua mdomo.

Miezi saba nilikuwa nimeungoja mdomo ule ufunguke. Ukweli ni miaka ishirini na sita. Nilitamani kusikia ni lipi kati ya yale mawili, la kuniposa au la kuniangusha. Nilitamani kuliko chakula.

"Subiri, Baba Ngoan," nikamwambia juu ya vichwa vya watu. "Zamu yako itafika."

Majivu ya udi yakaniangukia mkononi, yakaniunguza. Sikuvishusha vijiti. Sikuvichomeka.

Nikamgeukia Lieu.

"Nalijua," nikasema, kwa sauti ile ile niliyoimbia, wasikie hadi waliokaa nje. "Nililijua tangu linatoka kikapuni."